Reli Iliyoipita Kahama Kando

Ukitoka Kahama mjini kuelekea mashariki, utakwenda kama kilomita 40 kabla hujaikuta reli. Kituo chenyewe ni Isaka. Makontena yaliyopakiwa Dar es Salaam, takribani kilomita 970 kwa njia ya reli, hunyanyuliwa hapa kutoka kwenye mabehewa na kufungwa kwenye matrela. Baada ya hapo ni malori: Kahama, Lusahunga, hadi mpaka wa Rusumo. Kwa nini mzigo wa Kigali ushushwe njiani namna hii? Jibu lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Walitandika mataruma ya chuma, kwa kuwa ya mbao yangeliwa na mchwa. Treni ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, safari ya kilomita 1,252. Mwaka huohuo ujenzi wa tawi jipya ukaanza Tabora, likielekezwa kaskazini-magharibi hadi kwenye kona ya Mto Kagera. Shabaha ilikuwa Rwanda, nchi yenye watu wengi na ng'ombe wengi. Agosti Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka, kazi ikasimama.

Vita vilipokwisha, Rwanda na Burundi ziliangukia mikononi mwa Wabelgiji, Tanganyika ikawa ya Waingereza. Serikali ya Dar es Salaam haikuona sababu ya kugharamia reli ya kwenda kwa jirani. Iliyoitazama ni Mwanza. Tangu reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi na pamba za Usukuma zilivushwa ziwani kwa meli, zikaishia bandari ya Mombasa. Ili kuuvuta mzigo huo, reli ikajengwa kutoka Tabora kupitia Bukene, Isaka, Shinyanga na Malampaka, ikafika Mwanza mwaka 1928. Ni kilomita zipatazo 380.

Magharibi ya njia hiyo, upande wa Kahama, kulikuwa na pori la miombo na mbung'o. Watu walikuwa wachache na ng'ombe hawakufugika. Mbung'o walilisumbua eneo hili kiasi kwamba makao ya utafiti wa kuwatokomeza yaliwekwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton. Kwa mjenzi wa reli, pori lisilo na abiria wala pamba halikuwa na faida, kwa hiyo Kahama ikaachwa kando.

Kilichoirudisha Isaka kwenye hesabu ni Rwanda ileile. Wakimbizi wake walipovuka mpaka na kumiminika Ngara mwaka 1994, chakula cha msaada kilikuja kwa treni hadi Isaka, kikaendelea kwa malori. Baadaye ikawa bandari ya nchi kavu. Kahama ikafaidi pengo hilo kati ya reli na Rwanda: gereji, vituo vya mafuta, mama lishe na nyumba za wageni zilipata wateja ambao reli ingewapitisha moja kwa moja. Migodi ya Bulyanhulu, mwaka 2001, na Buzwagi, mwaka 2009, ikaongeza fedha mjini, ingawa tofali la dhahabu lenyewe husafiri kwa ndege.

Sasa reli ya kisasa, SGR, inakuja. Mkataba wa Mwanza–Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, ulitiwa saini mwaka 2021. Wa Tabora–Isaka, kilomita 165 kwa hesabu hiyohiyo, mwaka 2022. Tanzania na Rwanda zimekubaliana pia kuiendeleza kutoka Isaka hadi Kigali, yaani kukamilisha, kwa sura nyingine, safari iliyokatishwa mwaka 1914.

Siku hiyo ikifika, dereva wa lori hatakuwa na sababu ya kulala Kahama. Mji ulioneemeka kwa mzigo wa wengine utalazimika kuwa na mzigo wake. Mpunga upo, na eneo la Buzwagi, ambako uchimbaji umekoma, limetengwa kwa ajili ya viwanda. Wa kujiandaa aanze sasa, wakati makontena bado yanashushwa Isaka.