Chupa ya Belousov

Boris Belousov hakuwa mgeni maabarani. Alizaliwa 1893, na kwa miaka mingi alikuwa mkemia wa jeshi la Kisovieti, akishughulika na gesi za sumu. Karibu na 1951 alitaka kuiga ndani ya chupa sehemu ya yale yanayotokea seli inapovunja chakula ipate nguvu. Akachanganya asidi ya sitriki, hiyo hiyo ya kwenye ndimu, na bromati ya potasiamu na asidi ya salfuriki, akatia chumvi ya seriamu kidogo iwe kichocheo. Maji yakawa njano. Yakapauka. Yakarudi njano, yakapauka tena, zamu kwa zamu, na hakuna aliyeyagusa.

Makala yake ilirudishwa: mhariri alisema jambo hilo haliwezekani. Mimi nafundisha kemia, na simshangai mhariri yule. Hata mimi ubaoni huandika kwamba mmenyuko huelekea kwenye msawazo, basi. Lakini chupa ile haikuvunja kanuni yoyote. Sitriki na bromati zilipungua muda wote. Vilivyopanda na kushuka ni vitu vya katikati, na malighafi zikiisha, rangi nazo hutulia. Ninachomlaumia mhariri ni kwamba angeweza kuchanganya mwenyewe akaona. Miaka ikapita, Belousov akajaribu tena, akakwama tena, akasusa. Maelezo yake mafupi yalitoka 1959 katika mkusanyo wa mihtasari ya tiba ya mionzi, mahali ambapo mkemia hana sababu ya kupekua.

Mwaka 1961 Simon Shnol, mwanabiokemia wa Moscow, alimkabidhi kazi hiyo mwanafunzi wake, Anatol Zhabotinsky. Kijana akaweka asidi ya maloniki badala ya sitriki. Baadaye ikaja feroini, kiashiria chenye chuma, na rangi zikawa nyekundu na buluu. Hapo ndipo uhondo ulipo. Mimina mchanganyiko huo kwenye sahani bapa, tabaka jembamba, usikoroge. Katikati ya wekundu huzuka nukta ya buluu, ikapanuka ikawa pete, nyuma yake ikafuata nyingine. Pete mbili zikikutana hazipitani kama mawimbi ya bahari. Huzimana, maana kila moja imeacha nyuma yake ukanda wenye bromaidi nyingi, na bromaidi ndiyo breki: mpaka ipungue, buluu haiwaki. Kazi ya breki hiyo ilielezwa kinaga ubaga mwaka 1972 na Field, Körös na Noyes.

Zaikin na Zhabotinsky walichapisha habari za pete hizo 1970 katika jarida la Nature, na waliosoma misuli ya moyo wakashtuka. Wimbi la umeme linaloupigisha moyo nalo huacha nyuma yake sehemu iliyochoka. Likikatika likajizungusha kama konokono, mapigo huvurugika, na mtu anaweza kufa.

Mwaka 1980 Tuzo ya Lenin ilitolewa kwa kazi hii. Waliopewa ni Zhabotinsky, Zaikin, Krinsky, Ivanitsky na Belousov. Belousov alikuwa amefariki tangu 1970.