Ukoo Ule Una Kitu

Binamu yangu alipotaka kuoa, wazee wa kwetu Shume walikaa kikao kimoja tu wakakataa. Hawakuwa na neno na binti mwenyewe. Alikuwa mchapakazi, ana adabu, na mama yake aliuza viazi soko moja na shangazi yangu. Neno lilikuwa kwa watu wake. "Ukoo ule una kitu," alisema shangazi, na hakuna aliyeuliza kitu gani. Wote walikumbuka kwamba wakati wa tauni nyumba ile ilizika watu watatu ndani ya wiki moja, na nyumba ya baba yao mdogo, hatua chache chini ya mteremko, ikazika wawili. Ng'ambo ya bonde hakuugua mtu.

Wakati ule nilikuwa mdogo, nikaona hukumu ya wazee ni ya haki. Watano wa damu moja, utasema nini? Miaka mingi baadaye nilianza kusoma historia ya magonjwa, nikagundua kwamba swali la kikao kile limewahangaisha madaktari pia: ugonjwa unapokusanyika ndani ya familia, unatoka kwenye damu au kwenye nyumba?

Mfano ninaorudia kuusoma unatoka Mahenge, kwa Wapogoro, kusini mwa Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alianza kutibu kifafa huko. Aliwakuta wagonjwa wengi kuliko alivyotegemea, wengi wao watoto na vijana, baadhi wakiwa na makovu ya moto kwa sababu ya kuangukia jikoni. Walikula vyombo vyao peke yao, kwa maana watu waliogopa kwamba mate yao yanaambukiza. Wapo watoto ambao ugonjwa ulianza kwa kichwa kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kama mtu anayesinzia. Wenyeji walikuwa na jina lake: amesinzia kichwa. Na jambo moja lilionekana wazi kwa daktari na kwa wanakijiji vilevile: kifafa kilifuata familia.

Mwaka 1990 watafiti walirudi Mahenge kulipima jambo hilo. Walizichukua familia 20 na kuandika habari za ndugu zaidi ya 1,600, nani mzazi wa nani, nani anaugua, alianza na umri gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika koo hizo walihesabu wagonjwa 127. Kwa ndugu wa karibu kabisa, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, hatari ya kuugua ilikuwa kama asilimia 15. Kwa wa hatua ya pili, kama babu, mjomba au shangazi, ilishuka hadi asilimia 6 na kidogo. Katika eneo zima wagonjwa walikuwa kati ya 19 na 36 kwa kila watu 1,000. Kwa hesabu hizo watafiti wakaelekea kwenye urithi, na kweli, ndivyo damu inavyofanya: kadiri undugu unavyokuwa mbali, hatari inapungua.

Lakini hebu tufikirie kijiji. Mdogo wako unalala naye kitanda kimoja, mnachota maji mto mmoja, mnalinda ndege shamba moja. Mjomba anaishi kijiji cha pili. Undugu unapokuwa mbali, nyumba nazo zinakuwa mbali. Ngazi ile ya 15 kushuka hadi 6 inaweza kuwa ngazi ya damu, na inaweza kuwa ngazi ya njia ya kwenda mtoni.

Na mtoni kulikuwa na jambo. Mito ya Mahenge inayokwenda kasi ndiyo mazalia ya usubi, inzi wadogo weusi ambao kwa kuuma huingiza minyoo mwilini, minyoo ileile inayoleta muwasho na upofu. Kadiri miaka ilivyokwenda, watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walizidi kukuta kifafa hiki na minyoo hiyo mahali pamoja, kama ilivyoonekana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Mwaka 2017 walipopita nyumba kwa nyumba Mahenge, kifafa kilikuwa asilimia 3.5 katika vijiji vya mbali, ambako usubi ulikuwa umetia mizizi, na asilimia 1.5 katika vile vya karibu na mji. Mnyoo unaletaje kifafa, hapo wataalamu bado wanabishana. Damu nayo inaweza kuwa na sehemu yake, maana si kila mtoto anayeumwa na usubi anaanguka. Ila ukoo uliodhaniwa umelaaniwa, kwa kiasi kikubwa, ulikuwa ukoo uliojenga karibu na mto.

Sasa msomaji asije akadhani nasema damu haina kazi. Mwaka huohuo wa 1995 yalitoka Kanada matokeo ya ugonjwa mwingine wa ubongo na mishipa ya fahamu, multipo sklerosisi, ambao kinga ya mwili hugeuka na kula ala inayofunika neva, mtu akapoteza nguvu za miguu au mwanga wa macho. Nao ulijulikana kufuata familia. Watafiti wale waliuliza swali ambalo Mahenge halikuulizwa: vipi watoto wa kulelewa, waliokua nyumba moja na mgonjwa bila kuwa na damu yake? Walipohesabu, hatari yao haikuzidi ya mtu yeyote wa mtaani. Kwa ugonjwa ule kuishi nyumba moja hakukuongeza kitu. Kilichofuata familia kilikuwa damu. Na hata damu haikumaliza maneno, kwa sababu pacha wa kufanana wa mgonjwa, mwenye urithi uleule, mara nyingi haugui.

Niliposoma habari ya watoto wa kulelewa nilicheka peke yangu. Sisi Shume tunao kila nyumba! Huyu kapelekwa kwa bibi, yule kaachwa kwa shangazi, mwingine kachukuliwa na baba mkubwa asomee karibu. Wazee wetu walikuwa na kipimo hicho mikononi mwao. Wangeweza kuuliza tu: watoto wa ukoo ule waliokuwa wakilelewa kwingine mwaka wa tauni, walikufa? Na watoto wa watu wengine waliokuwa wakilala nyumba ile, walipona?

Maana tauni haina ukoo. Ililipuka Lushoto mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20, Shume ikiwa miongoni mwa kata zilizoumia. Walioandikwa kuugua wilayani walizidi 7,000. Inabebwa na viroboto wa panya. Panya hufuata mahindi, na mahindi tuliyaweka ndani. Walioumia zaidi ni kina mama na watoto, na kulala sakafuni ni moja ya mambo yaliyowaweka watu karibu na viroboto. Kwa baridi yetu, nani hakulala chini karibu na moto?

Likizo iliyopita nilimweleza shangazi yote haya, panya, viroboto, mahindi, nyumba mbili zilizokaribiana kwenye mteremko mmoja. Alimenya viazi hadi nikamaliza.

"Sasa hayo unaniambia leo," akasema, "na yule binti ana wajukuu wa watu wengine?"