Kula kwa Kuona na Kula kwa Kusoma

Zamani mtu wa Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja, alikula kwa kuona. Nazi aliikuna kwa mbuzi wake, tui akalichuja kwa kifumbu, na nyama aliinunua kwa mchinjaji aliyemjua kwa jina na kwa dini. Akitia shaka, aliuliza. Naye aliyeulizwa alikuwa jirani.

Mwaka 1905 kampuni ya Kiamerika ilitandika reli ya maili 7 kutoka mjini hata Bububu, na shamba likasogea karibu na maduka. Reli hiyo imekwisha kitambo, bali kopo na pakiti zimeingia kila nyumba, na muulizwa hayupo tena.

Jina la chakula nalo si shahidi wa kutosha. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza majarini kwa shahamu ya ng'ombe, iwe badala rahisi ya siagi. Baadaye Mjerumani Wilhelm Normann alivumbua njia ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa hidrojeni, na haki ya uvumbuzi ikaombwa mwaka 1902. Mafuta ya mimea yakashika kazi ya shahamu. Asili ikabadilika, jina likabaki.

Kadhalika jelatini iliyomo katika peremende laini hutokana na ngozi na mifupa iliyochemshwa, ya ng'ombe au ya nguruwe. E471, ionekanayo katika mikate na biskuti, huweza kutoka katika mafuta ya mimea au ya mnyama. E120 ni rangi nyekundu ya wadudu. Maandishi yote hayo ni ya kweli, wala hayamwambii mnunuzi analotaka kujua.

Basi neno moja, jelatini, humtia hofu Mwislamu kwa ajili ya nguruwe, na Mbaniani kwa ajili ya ng'ombe. Wawili hao, ambao vyungu vyao havikukutana kamwe, sasa wana swali moja mbele ya duka moja: ni mnyama gani?

Zanzibar ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2006, na ukaguzi una faida yake. Lakini usilolijua ni kama usiku wa giza. Karatasi ya kopo imekalia kiti cha jirani. Hapana budi ijibu kama alivyojibu jirani, kwa lugha ya muulizaji, na kwa kumtaja mnyama.