Dira ya Falaki

Imetufikia istilahi mpya ya dira itumiayo setilaiti, "kielekezi-setilaiti", iliyotungwa na jopo ambalo sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya wajumbe wake ni masahibu zangu na waliosalia wangefurahi mno kutajwa. Nami niliyependekeza "dira ya falaki", nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba falaki inanuka ramli, naona ni wajibu kueleza kwa adabu kwa nini jina lao ni batili. Kuelekeza ni kazi ya rubani. Chombo hiki hakimwelekezi nahodha popote. Humwarifu tu omo imekabili wapi, hata jahazi likiwa limetia nanga, jambo ambalo jipiesi ya kawaida hailiwezi, kwani hiyo hutambua mwendo na wala si uso, na katika mkondo wa Pemba, ambako maji huvuta kwenda kaskazini, uso na mwendo si kitu kimoja.

Dira asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya duara, na duara hiyo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliigawa mafungu 32, wakayaita kwa nyota zichomozapo na zituapo. Ndiko zilikotoka jaa, yaani kaskazini, na suheli, yaani kusini, katika vinywa vya wazee wetu, na ndivyo alivyoifahamu dira Ahmad ibn Majid wa Julfar katika karne ya 15. Falaki nayo yatokana na falak, njia ya duara ya vitu vya mbinguni, ambayo ndiyo hasa njia ya setilaiti. Na katika mzizi uo huo Waarabu wana fulk, yaani merikebu. Mzizi mmoja umekusanya mbingu na chombo, na jopo likaupita! Ama hiyo ramli, mnajimu hatukumwachia nyota. Kwa nini tumwachie neno?

Wala ubishi huu si wa vitabuni tu. Bandarini Malindi, Unguja, nilikiona chombo hicho kimefungwa chini ya paa la bati, kando ya usukani, kwa sababu fundi aliposikia "kielekezi" alikitenga na chuma cha injini kama atengavyo dira ya sumaku, asijue kwamba hiki hakihofu sumaku bali kizuizi na mwangwi: antena zake hulinganisha mawimbi ya setilaiti yenye urefu wa sentimita 19 hivi, na wimbi lililogonga mlingoti kwanza huja na habari ya uongo. Angaliambiwa falaki, angalitazama juu.

Kwa ufupi, basi: kifungwe juu, mbingu iwe wazi pande zote, nje ya miale ya rada, mbali na mlingoti, alama yake ikabili omo sambamba na mkuku, na pembe ikizidi kidogo isahihishwe kwenye mipangilio. Mengine yamo katika kitabu cha mtengenezaji, ambacho, ashukuriwe Mungu, jopo halijakitafsiri.