Utabibu wa akili Lubumbashi: masomo yalihama, wagonjwa wakabaki

Katika kartiye za komini ya Kampemba, kuanzia Bel-Air na Kigoma hadi Bongonga na Hewa Bora, jamaa nyingi zenye mgonjwa wa akili hupitia njia moja. Kwanza humficha nyumbani. Kisha humpeleka kwenye chumba cha maombi au kwa mganga wa kienyeji. Hospitali huja mwisho, pesa zikiwa zimekwisha na ugonjwa umeota mizizi. Wengi husema ni ujinga wa watu. Historia inaonyesha sababu nyingine: kwa miaka mingi munganga wa akili hakuwa karibu, na hata shule ya kumfundisha iliwahi kuondolewa mjini.

Jina linalojulikana zaidi Lubumbashi kwa kazi hii ni la kituo cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Guislain alikuwa munganga wa Ghent, Ubelgiji, aliyezaliwa 1797 na kufariki 1860. Mwaka 1828 alikuwa munganga mkuu wa nyumba za wagonjwa wa akili za mji huo. Alifanya kazi pamoja na padri Petrus Jozef Triest, aliyeanzisha shirika la Mabruda hao mwaka 1807. Wakati huo wagonjwa walikuwa wakifungwa minyororo. Guislain alishikilia kwamba mwenye wazimu ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine, na anapaswa kutunzwa kwa upole, kazi na mahali pasafi. Mabruda hao hao wanatunza wagonjwa huko Goma, Bukavu, na Ndera nchini Rwanda. Kwa hiyo jamaa zilizokimbia Kivu na kufika Lubumbashi huenda zinawafahamu tayari.

Lakini kituo kimoja hakitoshi bila watu waliosomea kazi. Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na munganga hata mmoja mzalendo mwenye shahada ya udaktari. Walikuwapo wasaidizi wa matibabu zaidi ya 100, na Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuwapeleka wengi wao Ufaransa kumaliza masomo.

Mwaka uliofuata, vita vya kujitenga kwa Katanga vilijaza Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, watu waliohama mitaa yao. Makumi ya maelfu, wengi wao Baluba, waliishi katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, mpaka waliporudishwa makwao mwaka 1962.

Mwaka huo huo wa 1961, mwezi wa Novemba, waganga wa akili wa Afrika walikutana Abeokuta, Nigeria, katika mkutano wao wa kwanza wa bara zima. Aliyewaita ni Thomas Adeoye Lambo. Tangu 1954, katika hospitali ya Aro, Lambo alikuwa akiwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji wa jirani. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake. Mchana alitibiwa hospitalini, jioni alirudi kijijini kupika, kulima na kuzungumza na watu. Huko Dakar, katika hospitali ya Fann, Henri Collomb na wenzake nao walimruhusu ndugu akae na mgonjwa wodini. Chama chao cha Dakar kilianza kutoa jarida lake mwaka 1965, na mwaka 1968 mji huo ukapokea mkutano wa pili wa waganga wa akili wa Afrika.

Hapo ndipo uongozi wa taaluma hii ulipochukua mwelekeo wake. Viongozi hao hawakungoja wataalamu wawe wengi ndipo kazi ianze. Waliona kwamba jamaa ni sehemu ya dawa, na kwamba muuguzi, mwanasaikolojia na mfanyakazi wa jamii lazima wafundishwe pamoja na munganga. Chama cha bara kilichokuja baadaye kiliweka wazo hilo katika jina lake: chama cha waganga wa akili wa Afrika na kazi zinazoambatana nao.

Kongo ilichukua njia nyingine. Chuo kikuu cha Élisabethville kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, ikagawa masomo kwa miji. Utabibu ukapelekwa Kinshasa, saikolojia ikapelekwa Kisangani. Kijana wa Katanga aliyetaka kutibu akili za watu ilimbidi asafiri maelfu ya kilomita. Vyuo vilitenganishwa tena mwaka 1981, na leo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha utabibu. Lakini kituo kikubwa cha chuo kikuu kwa magonjwa ya akili kilikuwa kimejengwa Kinshasa, katika mlima wa Mont-Amba.

Katikati ya hayo, misiba haikungoja. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala katika stesheni za treni wakingoja safari. Baadaye vijiji vya Mitwaba, Manono na Pweto, vilivyoitwa pembetatu ya kifo, vilikimbiwa tena na tena. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa wa akili wa aina fulani: huzuni nzito, hofu isiyoisha, ndoto za vita au wazimu.

Kwa hesabu hiyo, hakuna hospitali moja itakayowapokea wote. Ndiyo maana mwaka 2008 Shirika hilo lilianzisha mpango wa kuwafundisha wauguzi na waganga wa kawaida kutambua na kutibu magonjwa haya katika vituo vya afya vya mtaani. Kifafa kimo. Wengi hukiona kama uchawi, lakini vidonge vya bei nafuu, vikimezwa kila siku, huwazuilia wagonjwa wengi kuanguka.

Kwa Kampemba, kazi iliyo mbele inajulikana. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu wapitie wodi ya akili kabla ya kupata diploma. Dawa zifike kituo cha afya cha kartiye na zisikatike. Wachungaji wa vyumba vya maombi waelezwe ni lini wamtume mtu kwa munganga, bila kumfunga kamba wala kumnyima chakula. Na jamaa iliyohama, isiyo na ndugu mjini, ipewe mtu wa kuisindikiza, kwa sababu tangu Aro mgonjwa hakuachwa aje peke yake.