Amortisere na resori za okazyo: kuingia si kufaa

Kwa Baraka na Fizi, piesi nyingi za gari ni za okazyo. Zinatolewa kwenye magari yaliyokufa, zinashuka toka Bukavu na Uvira, ao zinavuka Ziwa Tanganyika toka Kigoma. Piesi mpya iko na bei kali. Ndiyo maana swali hili haliishi garajini: amortisere ya gari ile inaweza kuingia kwenye yangu?

Jibu fupi: kuingia si kufaa. Buloni zote zinaweza kukaza vizuri, kumbe piesi itaachia njiani. Na kwenye mteremko wa Fizi kuelekea Baraka, gari imejaa watu na mifuko, hapo si pahali pa kujaribu.

Jina moja, miguu tofauti

Tuchukue Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo Toyota inatengeneza tangu 1984. Pickup ya HZJ75 iko na resori za lame mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota ilibadilisha mbele: HZJ78 na HZJ79 zikapewa resori za kujizungusha, lame zikabaki nyuma tu. Zote watu wanaziita Land Cruiser, lakini miguu ya mbele haibadilishani.

Hilux ni vilevile. Hilux ya zamani ya LN106 iko na lame mbele; ile inayoitwa Vigo iko na resori ya kujizungusha. Tena lame ya Hilux iko na upana wa milimeta 60, ya Land Cruiser 70 ni milimeta 70. Hiyo milimeta 10 inatosha kuharibu kazi.

Anza na namba

Fungua kapo, tafuta kibati chenye kodi ya gari, na uiandike. Usiseme tu "Hilux". Kisha angalia namba kwenye piesi. Namba ya Toyota iko na tarakimu tano, kistari, halafu alama zingine tano. Zile za kwanza zinasema ni piesi gani: 48510 ao 48511 ni amortisere ya mbele, 48531 ni ya nyuma. Zile za mwisho ndizo zinazotenganisha gari na gari, kwa hiyo usome zote. Kampuni zingine, kama KYB, ziko na namba zao.

Namba ikifutika, pima

Weka piesi ya zamani kando ya ile unayotaka kununua.

- Amortisere: pima urefu ikiwa imevutwa mpaka mwisho, na ikiwa imefungwa mpaka mwisho. Angalia pia tundu za buloni na mpira wake. Ikiwa fupi, gurudumu likishuka kwenye shimo itavutika mpaka ing'oe kishikio. Ikiwa ndefu, itagonga mwisho mbele ya ule mpira wa kuzuia.
- Lame: pima upana, urefu toka jicho hadi jicho, na pahali pa buloni ya katikati. Hesabu lame ngapi.
- Resori ya kujizungusha: pima unene wa chuma, upana wa ndani, urefu, na namna miisho yake inavyokaa.

Je, bado ni nzima?

Simamisha amortisere, isukume na kuivuta mara tano. Inapaswa kukataa kidogo, kwa kadiri moja, bila kuruka. Ikitoa mafuta, ao fimbo yake ikipinda, iache. Lame yenye ufa usiikubali hata ikichomelewa. Rotule ya okazyo usinunue kabisa: ikiachia, gurudumu linalala chini.

Kisha kufunga

Badilisha pande zote mbili pamoja. Usikubali fundi apanue tundu ao apashe resori moto ili iingie. Moto unaondoa nguvu ya chuma. Inua gari, acha gurudumu lining'inie, zungusha usukani pande zote, na uangalie mpira wa freni usivutike. Tembea polepole bila mzigo, rudi ukaze buloni tena.

Na mbele ya kulipa, patana na muuzaji: piesi isipofaa, airudishe bila fujo. Kama amekataa, ujue naye hana hakika.