Nani Aliyeyusha Barafu?

Mwaka 1889 Mfaransa Jules Verne alichimba mzinga ndani ya Mlima Kilimanjaro. Ulikuwa mzinga wa kwenye karatasi, katika riwaya yake Sans dessus dessous, lakini vipimo alivitaja kwa makini: urefu mita 600, mdomo wenye upana wa mita 27, risasi ya tani 180,000. Kampuni ya Wamarekani ilikuwa imeinunua Ncha ya Kaskazini kwa mnada mjini Baltimore, ikitamani makaa ya mawe yaliyolala chini ya barafu. Dawa waliyoiona ni kupiga mzinga mmoja wa kuusogeza mhimili wa dunia, ili jua lipate kuiyeyusha ncha hiyo. Bahari nazo zingehama: nchi hizi zizame, zile ziachwe kavu. Telegramu ya balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Unguja ilipofichua mahali mzinga ulipo, muda ulikuwa umekwisha. Mzinga ukalipuka, dunia isitikisike. Mpiga hesabu wao alikuwa amepoteza sifuri tatu.

Verne aliwacheka wahandisi wa zama zake. Leo kichekesho kimegeuka: mabwana wale walitaka kuyeyusha barafu wapate makaa ya mawe, na kumbe ni makaa ya mawe yanayoiyeyusha barafu.

Waandishi wa bunilizi za kisayansi waliomfuata walichelewa sana kuliona hilo. Mwingereza John Wyndham, katika The Kraken Wakes ya 1953, aliwatwika lawama viumbe wa kutoka nje ya dunia waliojificha kwenye vilindi. Wao ndio wanaoyeyusha barafu, London inajaa maji na serikali inahamia Harrogate. Mwaka uleule, usiku wa Januari 31, Bahari ya Kaskazini ilivunja kingo zake ikaua watu zaidi ya 1,800 Uholanzi na zaidi ya 300 Uingereza. Dhoruba na maji ya bamvua yalitosha; hakuna kiumbe wa kilindini aliyehitajika.

J. G. Ballard, mzaliwa wa Shanghai, alilishika jua. Katika The Drowned World (1962), dhoruba za jua zimeichakaza ngao ya angahewa, joto limepanda, na masalia ya wanadamu yamekimbilia kwenye ncha za dunia. London imekuwa wangwa wa joto wenye mijusi wakubwa na mamba. Ajabu ya kitabu hiki ni shujaa wake, Kerans. Maharamia wanapokausha mitaa ya jiji, yeye anairudishia maji kwa baruti, kisha anashika njia ya kusini, kwenye joto zaidi. Ni riwaya nzuri mno, ila haina mkosaji.

Wakati huo wote hesabu zilikuwapo. Svante Arrhenius wa Sweden alikwisha kuonyesha mwaka 1896 kwamba hewa ya kaboni inaweza kuipasha dunia joto, ingawa yeye, mtu wa nchi ya baridi, aliona hilo ni jambo jema. Mwaka 1978 mwanasayansi John Mercer alionya kwamba joto hilo lingeweza kuibomoa barafu ya Antaktika Magharibi na kuipandisha bahari mita 5.

Hollywood ilizidisha chumvi. Filamu ya Waterworld (1995) inaizamisha karibu nchi kavu yote, ilhali barafu ya Greenland ikiyeyuka yote bahari itapanda mita 7 hivi, na ya Antaktika mita 58 hivi. Kilimanjaro hakitalowa hata miguu.

Aliyelenga shabaha ni Mwaustralia George Turner, na The Sea and Summer yake ya 1987, iliyopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata. Melbourne yake inazama polepole. Maskini wamesongamana kwenye maghorofa ambayo sakafu zake za chini zinaingia maji, wenye nacho wanaishi kwingine, na serikali inajua kila kitu. Hamna mzinga wala viumbe wa ajabu, ni uamuzi wa watu tu. Iwapo kuna mchapishaji anayetafuta riwaya ya bahari ya kufasiri kwa wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa, aanze na hii.